Askari Kanga

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na jina zuri la mpelelezi: askari kanzu. Askari wa kawaida alivaa sare, akaonekana tangu mbali, na mwenye hatia akapata wasaa wa kujiendea zake. Askari kanzu alivaa kama wavaavyo wenzake, akaketi barazani kama waketivyo, akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe, akacheka palipochekwa, na huku masikio yake yakifanya kazi. Jina hilo limebeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mpelelezi hodari ni yule aliyejificha ndani ya vazi la kila siku. La pili, ambalo hatulitazami kwa kuwa tumelizoea mno, ni kwamba vazi lenyewe ni la mwanamume.

Mimi nataka kusema juu ya vazi jingine.

Yaliyonisukuma ni riwaya ya Alexander McCall Smith iitwayo The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyotoka mwaka 1998 na kufuatiwa na nyingine nyingi za mfululizo huo huo. Mwandishi ni mzungu aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa profesa wa sheria za tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na aliwahi kuishi Botswana akisaidia kuanzisha masomo ya sheria katika chuo kikuu cha huko. Shujaa wake ni Precious Ramotswe, Mma Ramotswe kwa heshima ya Kitswana, nasi tungemwita Bi Ramotswe. Babaye, Obed, alichimba madini Afrika Kusini mpaka vumbi likamla mapafu, na kila alichokipata alikigeuza kuwa ng'ombe. Alipofariki alimwachia bintiye ng'ombe 180. Binti akauza, akanunua nyumba mjini Gaborone na kiduka kilicho chini ya mlima Kgale, akatundika kibao cha ofisi ya upelelezi. Rasilimali ya ofisi hiyo ni gari dogo jeupe, meza mbili, simu, taipureta kuukuu, na birika la chai ya majani mekundu na vikombe vyake vitatu.

Kuna tukio moja katika kurasa za mwanzo ambalo hunirudia mara kwa mara. Mzee yu kitandani anakata roho, anamwusia bintiye auze ng'ombe afungue biashara: labda bucha, labda duka la pombe, lolote alipendalo. Binti anamjibu kwamba atafungua ofisi ya upelelezi, na itakuwa bora kuliko zote nchini. Mzee anafumbua macho, anahangaika kusema neno, na pumzi zinamwishia kabla hajalisema. Mwandishi amelifanya jambo hilo liwe la kuchekesha na la kusikitisha kwa pumzi moja. Lakini kwetu sisi tuliozaliwa katika nyumba ambamo minazi ya marehemu huhesabiwa mmoja mmoja siku ya mirathi, neno lile lisilosemwa tunalijua. Tumelisikia likisemwa mara nyingi, na na watu wazima wenye pumzi zao.

Bi Ramotswe hupendeka kwa urahisi. Si kimanzi wa kugeuza shingo za watu, hana bastola mkobani, hakimbizani na magari. Bunduki ameishika mara moja katika kitabu cha kwanza, usiku, kando ya mto, kumwua mamba aliyemmeza mume wa mteja wake wakati wa ubatizo. Saa ya marehemu ikapatikana tumboni, na mjane akapata uhakika aliokuwa akiutafuta. Kwa kawaida silaha yake ni swali la pole na kikombe cha chai. Anakuja kwake msichana ambaye mzee mmoja amejileta nyumbani kwake, anadai kuwa ndiye babaye aliyepotea, anakula na kulala bure. Bi Ramotswe anavaa sare ya uuguzi, anamwendea mzee na kumwambia kwamba binti yake amepata ajali, anahitaji damu ya baba, tena nyingi mno kiasi cha kuhatarisha uhai wa mtoaji. Mzee papo hapo anakumbuka kwamba yeye si baba wa mtu. Hakuna alama ya kidole wala darubini katika kesi hiyo. Kuna ujuzi wa moyo wa binadamu tu, na ujuzi huo ameupata kwa gharama, maana aliolewa na mpiga tarumbeta aliyempiga na kumwumiza, na akazika mtoto mchanga.

Wapo Waafrika waliokikosoa kitabu hiki. Wamesema ni kitamu kupita kiasi. Kwamba Botswana ile haina jasho. Kwamba mzungu anaitazama Afrika kwa huruma ya mgeni aliyekirimiwa vizuri. Nakubali nusu. Utamu upo, na katika vitabu vya baadaye unazidi mpaka meno yanauma. Hata hivyo kitabu hicho hicho kimebeba kisa cha mtoto aliyeibwa, na hofu ya watu kwamba amekwenda kuuawa kwa ajili ya dawa za waganga, jambo ambalo sisi wa Tanzania hatuna haki ya kuliita hadithi ya mgeni. Na kosa la mzungu kuandika halifutwi kwa sisi kukaa kimya.

Tukaja kwetu sasa. Kiswahili si maskini wa upelelezi. Kwa hakika ni mojawapo ya mambo tuliyoanza nayo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960, na hapo Bwana Msa akatuingilia nyumbani na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo. Abdulla kabla ya uandishi alikuwa mkaguzi wa afya, mtu wa kuinama penye uchafu ambapo wengine wanapita wameziba pua; nami siku zote nimeona kwamba Bwana Msa amerithi kazi hiyo. Watu wanasingizia mizimu, yeye anatafuta binadamu. Bara nako Faraji Katalambulla akaleta Simu ya Kifo mwaka 1965 na Inspekta Wingo wake. Kisha miaka ya sabini na themanini ikawa ya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, tukavisoma vitabu hivyo mpaka majalada yakabaki nyuzi.

Na wanawake? Wamo. Wamejaa. Ni maiti, ni wajane, ni warithi wanaogombaniwa, ni warembo wanaotumwa kumtilia mtu sumu. Aliyekaribia zaidi kuwa mpelelezi ni Nuru, anayefuatana na Joram Kiango: jasiri, mwepesi wa akili, na hatari inapokuja hakimbii. Lakini Mtobwa haachi ukurasa upite bila kutukumbusha uzuri wa Nuru, na kesi ni ya Joram. Ondoa Joram katika kitabu, Nuru hana pa kwenda asubuhi.

Sisemi haya kwa kulalamika kwamba wanawake tumeonewa na waandishi. Hoja yangu ni ya kazi yenyewe. Nyumba ya Mswahili, kama mnavyojua, ina pande mbili. Mbele kuna baraza na ukumbi. Nyuma kuna ua. Mgeni mwanamume, awe na kiko au asiwe nacho, mwisho wake ni ukumbini. Huko ataletewa kahawa, ataambiwa yaliyopangwa kuambiwa wageni, na ataaga. Yaliyotokea yametokea uani: nani alikuja alfajiri kuomba moto, sufuria ya nani haikupikwa jana, nguo gani imefuliwa ambayo haina mwenyewe humu ndani, mtoto gani amelia akitaja jina la mtu. Bwana Msa anapoingia katika nyumba yenye msiba anaona nusu ya nyumba. Abdulla alikuwa fundi, akaifanya nusu hiyo itutoshe. Lakini ni nusu.

Mwanamke anaiona nyumba nzima. Uani ni kwake, na barazani hupita amejitanda kanga au buibui, hakuna amwulizaye jina. Amerika waliling'amua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1856 huko Chicago mjane mmoja kijana, Kate Warne, alimwendea Allan Pinkerton kuomba kazi ya upelelezi, naye Pinkerton akadhani anataka ukarani. Hoja ya mjane ilikuwa fupi: mwanamke huingia mahali ambapo mwanamume hawezi kuingia, na huambiwa ambayo mwanamume hawezi kuambiwa. Akaajiriwa. Agatha Christie naye mwaka 1930 akamtoa Miss Marple katika riwaya yake ya kwanza, bikizee wa kijijini anayesuka sufi, ambaye kila anaposikia habari ya mauaji hukumbuka kisa cha muuza samaki au cha mtumishi wa jirani, na kwa kisa hicho kidogo hupata ufunguo wa kile kikubwa. Kijiji cha Miss Marple ni cha Kiingereza, lakini tabia zake nimezikuta Moa.

Moa ni kwetu. Kwa msiopajua: ukitoka Tanga mjini ukafuata pwani kwenda kaskazini unapita vijiji, mikoko na maji ya chumvi, na kabla hujaufikia mpaka wa Kenya unaikuta Moa imejikunja kwenye ghuba yake. Mbele kidogo ni Jasini, walipopigana Wajerumani na Waingereza mwezi Januari 1915, na ng'ambo ya pili ni Vanga. Mpaka ulichorwa na mataifa hayo hayo mawili kuanzia mwaka 1886, wala hawakumwuliza Mdigo, Msegeju wala Mvumba ambaye shamba lake liko huku na kaburi la babu yake liko kule. Watu wakaendelea kuoana. Kisha mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka ukafungwa, ukakaa hivyo mpaka mwaka 1983. Mashua za usiku hazikukoma, lakini harusi na misiba ya hadharani ilipungua, na kwa miaka ile sita watoto walikua upande huu bila kujua sura za jamaa zao wa upande ule. Jambo hilo la mpaka liwekeni akilini, maana kisa nitakachoeleza kisingewezekana bila hilo.

Shangazi yangu alikuwa mshonaji kofia. Hizi kofia za kazi ya mkono, ambazo kitambaa huchorwa maua, kikatobolewa vitundu, kisha kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, wiki baada ya wiki. Mwaka 1986 alikuja Moa mnunuzi wa ng'onda na papa mkavu, kijana mtanashati, akijitambulisha kuwa mtu wa Wete asiye na mke. Baada ya miezi michache akamposa binti wa ami yangu. Wanaume walifanya uchunguzi wao, na sitaki kuwabeza, waliufanya kwa uaminifu. Waliulizana barazani. Anaswali? Anaswali, tena safu ya mbele. Analipa madeni? Analipa kabla ya siku. Ana ulevi? Hana. Pemba ni ng'ambo ya maji, na nani ataabiri mpaka Wete kwa ajili ya posa? Wakaridhika, wakaanza kuzungumza mahari.

Shangazi alimtazama mara moja tu, siku alipokuja kusalimia, akamtazama kichwani. Baadaye alitueleza sisi wasichana alichokiona. Kofia ile ilikuwa ya kazi ya mkono, mpya, ya gharama. Alimwuliza kwa kuisifu, akajibiwa kwamba imenunuliwa dukani Mombasa. Sasa, kofia hununuliwa, yeye mwenyewe aliziuza. Lakini kofia ya kuuza hushonwa kwa mkono wenye haraka, na ile haikuwa na haraka hata kitundu kimoja. Yule aliyeishona hakuwa akihesabu fedha. Kisha akaona la pili, ambalo asiyeshona hawezi kuliona: nyuzi zote zilizunguka kinyume. Mshonaji alikuwa mashoto. La tatu lilikuja kwa bahati. Mtoto alikimbilia shimo la taka, kijana yule akampigia kelele amwite arudi, na kelele haina muda wa kujipamba. Lafudhi iliyomtoka haikuwa ya Wete. Ilikuwa ya Vanga.

Hakumwambia mtu. Akangoja mpaka ilipotokea taazia huko Vanga kwa watu wanaotuhusu, akajifunga kanga zake akaenda kuhani, kama apasavyo kwenda mtu yeyote. Akakaa uani siku za matanga akiosha vyombo na wenzake. Siku ya nne, watu walipoanza kupumua, akatoa kofia yake aliyokuwa akiishona, akalalamika kwamba macho yake yamechoka, akauliza ni nani hapa mjini mwenye mkono mzuri wa kofia. Wakampeleka. Alimkuta mwanamke kijana ameketi mkekani, sindano mkono wa kushoto, na watoto wawili pembeni, mmoja wao amebeba uso wa mchumba wetu kama aliyeazimwa. Shangazi hakumwuliza habari ya mume. Aliisifu kazi. Na mwenye kazi, kwa furaha ya kusifiwa na fundi mwenzake, akasema mwenyewe kwamba nzuri zaidi ya hizi alimshonea mumewe, ambaye yuko safarini upande wa Tanganyika kwa biashara ya samaki. Shangazi akaagiza kofia yenye ua lile lile, akalipa taslimu, akarudi Moa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo kwangu. Kwa ada yetu, mwenye posa ni baba. Habari ingepelekwa kwake, yeye angeipeleka kwa wazee wenzake, wangekaa, wangeamua, na binti angeambiwa mwisho, kama anavyoambiwa mtu kwamba mvua imenyesha alipokuwa amelala. Shangazi aliigeuza njia. Usiku, chumbani, alimweleza binti yale yote aliyoyaona, na nami nilikuwepo nikijifanya nimelala. Akamwambia: "Mwanangu, kuwa mke wa pili si aibu, dini imeruhusu. Anayetaka ataolewa wa pili akijua. Huyu anataka kukuoa kwa jina la uwongo, na mwenzio kule hana habari. Sasa neno ni lako, si langu wala si la baba yako." Binti alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shangazi, kofia ikija nipe mimi."

Kofia ilikuja na mashua baada ya kiasi cha miezi miwili. Siku mchumba alipokuja na jamaa wa kumsindikiza, sinia la fedha zake za kishika uchumba lilirudishwa kwa adabu, na juu ya fedha imekaa kofia, imekunjwa vizuri, kitundu na uzi wake, kinyumenyume. Wanaume wa pande zote mbili waliiona kuwa hiba ya heshima ya kumwaga mtu kwa wema. Mmoja tu pale ukumbini ndiye aliyeweza kuisoma. Alfajiri hakuwepo Moa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua.

Mpaka leo ukiwauliza wazee waliosalia watakwambia posa ile ilivunjika kwa sababu ya mahari. Na kuhusu yule mshonaji mashoto, nilimwuliza shangazi miaka mingi baadaye kwa nini hakumwambia. Akajibu, "Yeye hakuniuliza." Jibu hilo sikulikubali siku ile, na silikubali sasa. Bi Ramotswe, naamini, angekunywa kwanza chai, lakini angerudi Vanga. Hata hivyo naelewa kwamba shangazi alikuwa na mteja mmoja, na kwa mteja huyo alikuwa mwaminifu kabisa.

Kazi hiyo yote, msomaji mpenzi, ilikuwa na jina moja pale kijijini. Iliitwa umbea. Walipokwisha kunong'ona kwamba safari yake ya Vanga ilikuwa na jambo ndani yake, wanaume walicheka wakasema yule mama hakosi pa kupeleka pua. Wao walioulizana barazani wasipate kitu walikuwa wamefanya uchunguzi. Yeye aliyeupata ukweli wote kwa kitundu cha uzi alikuwa mmbea. Tazameni jinsi lugha yetu ilivyogawa: mwanamume huchunguza, hupeleleza, hudadisi, mwanamke hupekua, huchokonoa, hudaku. Vitenzi vya kwanza vina mshahara na kibao mlangoni. Vya pili vina kicheko. Nadhani mwandishi wetu wa riwaya hakuwahi kukusudia kumwacha mwanamke nje ya kazi ya upelelezi. Lugha ilikwisha kumfungia mlango kabla yeye hajakaa kuandika.

Lakini ushairi haukumfungia, na hili nawaambia ninyi wapenzi wa tungo hasa. Katika Utendi wa Fumo Liyongo aliouandika Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, shujaa yumo gerezani na walinzi wako mlangoni. Chakula huletwa na mjakazi Saada. Liyongo anampa maagizo kwa beti, mbele ya masikio ya walinzi, na walinzi wanasikia kila neno wasifahamu hata moja. Saada anazibeba beti hizo mpaka kwa mama. Mama anaelewa: anaoka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anatia tupa ya kukatia minyororo. Walinzi wanakula iliyo mizuri, wanaucheka ule mkavu, wanauacha umfikie mfungwa. Tumeusifu utendi huo kwa nguvu za Liyongo, urefu wa Liyongo, upinde wa Liyongo. Mimi nikiusoma namwona mama jikoni, ameshika ujumbe wa mafumbo uliopita katika vinywa viwili, na anajua unga gani autumie. Huyo ni mpelelezi wa kutosha. Anasoma fumbo, anaijua tabia ya walinzi kwamba walafi hawagusi wishwa, na silaha yake anaipitisha mlango wa mbele.

Na si zamani tu. Mwanamke wa mwambao amelelewa katika kufumbua. Kanga anayotundikiwa uani na jirani anaisoma, na anasoma pia kwa nini imetundikwa leo na si jana. Akienda kwenye taarabu anajua wimbo umeombwa na nani na umelengwa meza gani, na anayeinuka kutunza anamwona kabla hajainuka. Tumewapa mafunzo hayo wanawake wote, bure, tangu utotoni, kisha tunamwandika mpelelezi mwanamume anayehitaji kurasa mia mbili kutambua kwamba mke wa marehemu amebadilisha manukato.

Kwa hiyo tunangoja nini? Accra imekwisha pata Emma Djan, mpelelezi wa Kwei Quartey, katika The Missing American ya mwaka 2020. Gaborone ina wake. Nami nikitembea Moa siku hizi naona kesi zimelala njiani kama nazi zisizookotwa. Kuna mikoko iliyokatwa usiku na kila mtu anajua ni shoka la nani. Kuna viwanja vya ufukweni vilivyouzwa mara mbili na muuzaji mmoja. Kulikuwa na baruti baharini, mlipuko unasikika mpaka jikoni, na ukiuliza unaambiwa labda ni radi. Fedha sasa hupita katika simu, na mke anayejua kusoma ujumbe wa muamala hahitaji tena kofia. Mpelelezi wangu ningemweka katika kikundi cha wakulima wa mwani, maji ya kupwa yakiwa magotini, maana hapo mtu hufunga mbegu kwenye kamba saa nyingi na mikono ikishughulika midomo haina kazi. Asiwe msichana. Awe mtu wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye minazi yake aliyoirithi kwa haki. Swali gumu ni la ujira: nani atamlipa? Shangazi hakulipwa hata pishi ya mchele. Kofia yenyewe aliinunua kwa fedha zake. Riwaya yenye ukweli ingelazimika kuanzia hapo, siku ya kwanza mwanamke huyu anapomtajia bei mtu aliyemjia kwa siri, na yule mtu anavyomtazama.

Wakati tunamngoja huyo nimejaribu kumtia Bi Ramotswe katika Kiswahili, kurasa chache, kwa burudani yangu tu. Mambo mengi yanakubali. Ng'ombe wanageuka minazi bila kulalamika, na chai ni chai. Nimekwama kwenye umbo lake. McCall Smith hakubali aitwe mnene. Kila mara humwelezea kuwa mwanamke aliyejengwa kwa kufuata mila, na utani huo ndio roho ya kitabu. Nimepitia maneno yote niliyo nayo. Nikawauliza akina mama wa kwetu, tumekaa uani tunachambua mchele. Mmoja akasema "mwenye mwili wake". Mwingine akasema "mwanamke wa kujaza kiti". Msichana mmoja akasema "bonge", akakaripiwa. Nikamgeukia bibi mmoja aliyekuwa kimya, nikamwelezea tena jinsi mtu huyo alivyo, mikono yake, mwendo wake, namna anavyoshuka katika kile kigari chake. Akaniuliza kama ana afya. Nikamwambia anayo. "Basi huyo ni mtu," akasema, akapeta ungo wake. "Wanaotafutiwa jina ni hao wengine."